Somo yangu kamposea mume wangu mke, kwa jina langu

Admin, nifiche jina langu, huu ukurasa wanausoma hata majirani zangu. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, muuguzi wa diploma, naishi Mabawa hapa Tanga na mume wangu na binti yetu mmoja. Mume wangu anauza spea za pikipiki. Ni mpole, mwenye makelele ni mie, na tumeishi hivyohivyo bila ugomvi wa kuita watu.

Mwaka huu nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uuguzi Dodoma, ile ya mkato kwa sisi wenye diploma. Ni miaka miwili tu, lakini ni mbio: likizo hamna, ukitoka darasani unaingia wodini, nyumbani utarudi labda kwa msiba. Kazini wameniruhusu, ila wameniambia wazi kwamba nisipokwenda safari hii, nafasi anapewa mwenzangu. Jamani, naitaka shahada hii. Wasichana niliowapokea kazini mie mwenyewe, nikawaonesha hadi choo kilipo, leo ndio wananipangia zamu.

Kilichonikaba ni namna ya kumwambia mume. Kwetu, jambo ambalo mke analionea haya hupitia kwa somo yake. Kwa asiyejua, somo ndiye mama aliyenifunda nilipovunja ungo, na siku ya harusi akanisimamia mpaka ndani. Yeye akimwambia mume wangu neno, ni kama nimesema mie. Basi nikaenda kwake, shikamoo, marahaba, nikakaa mkekani najikunjakunja. Akaniambia, "Mficha uchi hazai. Sema."

Nikasema yote. Kwamba nataka kwenda kusoma lakini naogopa, mume wangu bado kijana, miaka miwili kitanda kitupu, nani atamtazama? Nikalia. Akanifuta machozi kwa kanga yake. "Niachie mie mwanangu, nitazungumza naye." Baada ya siku chache mume akaniambia, "Nenda kasome mke wangu, nimeridhia." Nilimbusu mikono! Nikampikia pilau na wala haikuwa sikukuu.

Sasa wiki iliyopita nipo kazini napima watu presha. Akaja mama mmoja kutoka Kigombe, namfahamu, ni mdogo wake somo. Nimeshamfunga mkono, nabonyeza mpira, akanishika kiganja. "Mwanangu, Mungu akulipe. Wanawake kama wewe hawapo siku hizi. Kumtafutia mumeo mke kwa roho safi! Nimeshamwambia binti yangu akuheshimu kama dada yake."

Nikamuuliza, "Mke gani, mama?"

Akacheka, akidhani naona haya. "Posa si tumeshaipokea? Na nikaha si ukishaondoka?"

Hee! Presha yake sikuisoma. Wa kupimwa pale nilikuwa mie.

Nilitoka na sare zangu mpaka kwa somo, wala sikumwamkia. Nimemkuta anapepeta mchele. Nikamuuliza, "Nilikutuma umtafutie mume wangu mke?" Hakuacha hata kupepeta. "Ulikuja hapa unalia nani atamtazama mumeo. Nimempatia wa kumtazama. Ulitaka aokote barabarani? Huyu ni damu yangu, hatakutupia vyombo nje." Nikamwambia, "Somo, umemwoza mtoto wa mdogo wako kwa machozi yangu." Akanijibu eti nina hasira tu, iko siku nitakuja kumshukuru. Nimshukuru! Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi, nilikuwa nausikia tu msemo huu.

La somo lingeniuma nikalimeza. La mume ndilo lililonimaliza. Jioni nilimuuliza. Akasema, "Somo yako alikuja ulipokuwa zamu ya usiku. Kasema umemtuma, unaona haya kuniambia mwenyewe."

"Na wewe hukuniuliza hata kidogo?"

"Kwani neno la somo huulizwa?"

Nikamwambia basi leo sikia kwa mdomo wangu: sikumtuma, na sitaki. Nilitegemea ashtuke, aseme astaghfirullah, achukue simu aivunje ile posa palepale. Akawa anakoroga chai iliyokwisha kukorogeka. Mwisho akasema, "Mambo yameshafika kwa watu. Ukiahirisha chuo, nitawaambia wasubiri."

Wasubiri! Nyie, hakusema hataoa. Kasema wasubiri. Yaani mume wangu alidanganywa, hilo nakubali, lakini uongo wenyewe umemkaa vizuri na hataki kuuvua. Tangu siku ile tunaongea mambo ya mtoto tu na mambo ya umeme.

Nikienda Dodoma, nitakuwa nashika vitabu huku najua mwenzangu ameshika jiko langu, na mji mzima utasema mie mwenyewe ndiye niliyemleta. Nikibaki, namlinda mwanamume aliyekwisha kukubali, na kazini nitaendelea kupangiwa zamu mpaka nistaafu. Na huyo binti wa Kigombe sina ugomvi naye, masikini, naye kaambiwa nimempenda.

Jumatatu natakiwa nitoe jibu kazini. Miaka yote, jambo likinishinda nililipeleka kwa somo. Hili nimezunguka nalo nyumba nzima sina pa kulitua, ndiyo nimewaletea nyinyi msionijua. Mwenye kunitukana anitukane, ila akimaliza aniambie na la kufanya. Niende nikasome au nibaki? Nishaurini, tafadhali, sina tena wa kumuuliza.