Sala ya Kugeuzia Vitumbua

Chwaa! Rojo la mchele likishuka kwenye chuma chenye mafuta ya moto. Miaka ile ya hamsini, sauti hiyo ndiyo iliyoufungua Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Tukiisikia tulijua Mama Safari ameshakaa barazani na ameanza kusali.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Euphrasia. Alikuwa mjane mchangamfu kutoka Ulanga, mpangaji wa chumba cha mbele, na saa hakuwa nayo. Vitumbua vyake alivipima kwa sala. Upande wa kwanza, Salamu Maria tatu. Anageuza kwa kijiti. Upande wa pili, Baba Yetu moja, kamili, bila kukimbia. Amina, anaepua. Na kabla ya kuwasha jiko alimwomba Mungu kitu kimoja tu, hekima.

"Wanaoomba mali ni wengi, foleni inafika Ilala," alipenda kusema. "Kwenye hekima hakuna mtu. Napita moja kwa moja."

Ukuta kwa ukuta naye lilikuwapo duka la Muhiddin, mzee wa Kiarabu aliyeuza tende, mafuta ya taa na maneno. Kila siku, vitumbua viwili vya kwanza vilikuwa vyake.

Basi, mambo yakaharibika kwa sababu ya Celina. Huyu alikuwa binti wa watu aliyefika mjini hana pa kulala, Mama Safari akamgawia nusu ya kitanda. Akamfundisha kuloweka mchele, kukadiria iliki, hata ile sala ya kugeuzia. Kisha Jumatatu moja, bila kuaga, Celina akahamia nyumba ya ng'ambo ya barabara, akaweka jiko lake barazani, uso kwa uso na mwalimu wake.

Mama Safari hakugombana. "Nimeshamsamehe," aliwaambia walioulizia na wasioulizia.

Lakini wateja wakaanza kuvuka barabara. Kwanza wachukuzi wa sokoni, halafu mafundi cherehani, mwishowe hata akina mama wa kanisani kwake. Sinia lililokuwa likirudi ndani tupu sasa lilirudi limejaa. Chumba kililipiwa na vitumbua. Visiponunuliwa, ni kufunga mkeka na kurudi Ulanga. Akabadilisha nazi, akaongeza iliki, akazidisha maombi: "Bwana, nipe hekima niijue kasoro yangu." Kasoro haikujulikana.

Akabaki Muhiddin peke yake. Asubuhi moja akakimega kitumbua, na rojo likamchuruzika vidoleni.

"Mama Safari, hiki kitumbua au uji?"

"Usinianze, Muhiddin. Mchele umelala majini usiku mzima."

"Mchele hauna kosa. Kosa la sala."

"Sala imefanyaje?"

"Imekatika! Mimi Mwislamu, sala yako si yangu, lakini ukuta huu ni mwembamba. Miaka yote, nikisikia inakaribia mwisho nanyoosha mkono. Siku hizi ukifika kwenye mkate unatazama ng'ambo, unasonya, halafu Amina. Pale katikati palikuwa na kipande kirefu. Umekiuza?"

Wapita njia wakacheka. Mama Safari akaligeukia jiko. Akamimina rojo jingine. Chwaa! Salamu Maria tatu, akageuza. Baba Yetu ikaenda vizuri hadi kwenye mkate wa kila siku. Hapo macho yakavuka barabara yenyewe, yakamkuta Celina amefumba jicho moja kwa moshi, anapepea jiko. Sonyo likapanda. Akalimeza. Maneno yaliyofuata yalikuwa yale ya kusamehe, na hayakutoka.

"Haya, sasa unaunguza!" Muhiddin akapiga kelele.

Mama Safari akaepua vitumbua vyeusi kama makaa, akavitazama, halafu akaangua kicheko mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Kumbe! Kila asubuhi naomba hekima, ikiletwa naiepua mbichi! Muhiddin, niangalizie jiko."

"Mimi? Na tende zangu nani—"

Lakini Mama Safari alishabeba kigoda chake na kuvuka. Celina alimwona akija, akasimama, kijiti mkononi kama askari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sogea nikae."

Celina akasogea.

"Mama, nilitaka kuaga. Niliogopa utanikataza."

"Ningekukataza. Hata chuma cha vitumbua ningekificha." Mama Safari akacheka, na Celina, machozi yakimlengalenga, akacheka pia. "Jiko lako hilo, mwanangu. Umefika wapi?"

"Nageuza sasa hivi."

"Geuza, tusali wote."

Celina akageuza kimoja kimoja. Ng'ambo, Muhiddin alikuwa amesimama mbele ya jiko asilolijua, mkono tayari ameunyoosha hewani, kama ilivyo desturi yake. Wakaanza Baba Yetu. Walipofika kwenye mkate, Celina, kwa aibu, akaharakisha ili wapite upesi. Mama Safari akamshika kifundo cha mkono, akainama hadi sikioni kwake.

"Hapa usikimbie," akanong'ona. "Hapa ndipo katikati panapoiva."