Kuku Niliyemfungia Zipu

Harufu inayoniaibisha ni ya ndimu iliyokamuliwa juu ya nyama mbichi ya kuku. Wengine husema ni harufu safi, na huenda wana haki. Mimi, jikoni kwangu hapa Ruiru, huikamua haraka, natia kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi na pilipili manga, nafunika bakuli na kwenda kutafuta kazi nyingine ya kufanya. Watoto wangu wanajua kwamba Jumapili ya kuku mama yao haongei sana. Wanadhani nawaza mapishi.

Wageni humsifu kuku huyo, nami huwaambia kuwa ni mapishi ya mama yangu, na hiyo ni kweli tupu. Habari iliyobaki sijawahi kumwambia mgeni yeyote. Nawaambia ninyi kwa sababu hatujuani, na kwa sababu mwaka huu nimeshindwa kuibeba peke yangu.

Tuliishi Makongeni, Thika, katika ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, na mfereji mmoja wa maji katikati. Mama alinilea peke yake. Alikuwa mshonaji kiwandani, na kabla ya hapo alimenya viazi katika hoteli moja ya chipsi mjini, ambako aliiba kwa macho ufundi wote wa kukaanga kuku. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Mama Zuhura, mwanamke Mwislamu, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha watoto waliolala. Binti yake, Zuhura, alikuwa rika langu.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, Mama alipasuliwa tumbo akalazwa wiki tatu. Wiki zote hizo nililala kitanda kimoja na Zuhura, nikala kwao, nikasukwa nywele kwao. Kila Jumapili Mama Zuhura alinipaka mafuta mpaka nikang'aa, akanisindikiza hadi lango la kanisa, akasimama nje mpaka anione nimeingia. Alisema mama yangu hatarudi akute nimesahau nyimbo zangu.

Mama alipopata nguvu aliamua kushukuru kwa kuku. Aliniambia hana kingine anachokijua vizuri kuliko hicho, na kwamba mtu aliyekulelea mtoto unamwalika mezani, humtumii salamu tu.

Sasa, ploti yetu ilikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyewahi kuuandika popote. Ukitaka jirani Mwislamu ale kwako, kuku humchinji mwenyewe. Unampeleka akiwa hai kwa Mzee Idi, aliyekaa nyuma ya msikiti, naye anamchinja kwa jina la Mungu bila kukudai kitu. Mkesha wa Krismasi ungekuta watoto wa Kikristo wamepanga foleni mlangoni kwake, kila mmoja na jogoo wake, na yeye akiwatania kwamba sikukuu ni yenu na kazi ni yangu.

Jumamosi hiyo Mama alinunua jogoo mwekundu wa kienyeji, akamfunga miguu kwa kitambaa laini na kuniambia nimbebe kwapani, taratibu, nisimninginize kichwa chini. Nilikuwa pia na mkoba wangu wa shule mgongoni, kwa kisingizio cha kupitia kwa rafiki kunakili hesabu. Niliitika vizuri kabisa. Lakini nilipopinda kona nilisimama.

Niwaambie jinsi nilivyokuwa mjinga. Muhula huo nilikuwa nimepata marafiki wapya, wasichana wa nyumba za mawe zenye geti, na nilikuwa nimewaambia kwamba kwetu nyama hutoka supamaketi, imefungwa tayari. Njia ya kwenda kwa Mzee Idi ilipita kiwanjani walikochezea. Nikajiona nikipita mbele yao na jogoo kwapani kama mtu aliyeshuka jana kutoka shamba. Basi nikamtia kuku ndani ya mkoba, nikavuta zipu mpaka mwisho.

Kiwanjani walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Waliniita raundi moja tu. Niliuweka mkoba kando, juani, na nikacheza raundi moja, kisha nyingine, kisha nikasahau kabisa kwamba dunia ina kuku. Siku hiyo nilikuwa mwepesi, mpira haukunipata, na walinishangilia kwa jina langu, Njeri, Njeri. Nakumbuka furaha hiyo hata sasa, na ndiyo inayoniuma.

Nilipofungua zipu nyuma ya ukuta wa msikiti, shingo yake ililala mkononi mwangu bila nguvu. Nilimtikisa. Nilimpulizia mdomoni. Nikaketi chini na kulia kidogo, halafu nikaacha kulia na kuanza kufikiri, na afadhali ningeendelea kulia. Ndani ya mkoba mlikuwa na wembe wa kuchongea penseli. Nilimgeuza jogoo upande ambao nilikuwa nimemwona Mzee Idi akiwageuza, nikatamka maneno niliyomsikia akiyatamka, kana kwamba kuku bado anasikia, nikamkata. Damu ilitoka matone machache, nzito. Mlango wa Mzee Idi ulikuwa hatua chache tu kutoka pale. Ningebisha. Mpaka leo sijui kwa nini sikubisha.

Mama alimpokea, akamtazama, akauliza mbona kuku huyu hakumwaga damu vizuri. Nikamwambia Mzee Idi siku hizi mikono inamtetemeka. Mama alisikitika, akasema uzee ni kazi, akamtumbukiza kuku kwenye maji ya moto.

Alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Alimnyonyoa, akambabua juu ya jiko kuondoa vinyoya, akamkata kwenye viungo bila kuvunja mfupa hata mmoja. Nyama ilikuwa nyeusi-nyeusi karibu na mifupa, kwa hiyo akailoweka kwa chumvi na ndimu mara mbili. Kisha akaichemsha polepole kwa kitunguu saumu na tangawizi, kwa sababu kuku wa kienyeji akienda moja kwa moja kwenye mafuta utamtafuna hadi Jumatatu. Akaitoa, akaiacha ikauke kabisa, akaipaka unga uliochanganywa na pilipili manga. Mafuta aliyajaribu kwa kipande cha unga: kikizama bado, kikipanda kikicheka, tayari. Vipande aliviweka vichache vichache na kunikataza kuvigusa, maana kuku wa kugeuzwageuzwa huvuliwa nguo. Alikuwa akiimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu kabla ya hospitali.

Mama Zuhura na Zuhura walikuja jioni wamevaa vizuri, na walileta chapati. Mama aliwanawisha mikono yeye mwenyewe. Sahani ilipofika mezani, Mama Zuhura aliuliza swali moja, kwa upole, kama mtu anayetimiza wajibu tu.

"Ni Mzee Idi amechinja?"

"Muulize Njeri," Mama alisema. "Ni yeye alimpeleka."

Wote wawili walinitazama huku wakitabasamu.

"Ndiyo," nilisema. "Ni yeye."

Mama Zuhura akasema bismillahi, akala. Alikula vipande vitatu na kumwambia Mama kwamba mikono yake ingefungua hoteli. Zuhura alinyonya mifupa. Mimi nilisema tumbo linauma, na Mama Zuhura akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Hakuna aliyeniuliza tena. Nikadhani mambo yamekwisha. Ila tangu wiki iliyofuata Mama Zuhura hakula tena kwetu. Mama alipotuma sahani alishukuru na kusema amefunga, au ameshiba, au daktari amemkataza mafuta. Mara moja nilimwona akimpa mlinzi wa ploti sahani yetu ikiwa bado imefunikwa, na Mama naye aliona, kupitia pazia. Baadaye nilimsikia akimwambia mwenzake wa kiwandani kwamba kuna watu wanakusaidia ukiwa mgonjwa, halafu ukipona wanakuona mchafu.

Walibaki na salamu ya asubuhi pale mferejini, kisha hata hiyo ikapungua. Nilipoingia kidato cha pili tulihamia Kiganjo. Siku ya kuhama Mama Zuhura alisimama mlangoni kwake mpaka pikapu ikaondoka, na Mama hakugeuza shingo. Mimi, aibu yangu iwe kubwa zaidi, nilifurahi kwamba tunahama.

Mwaka huu nilikutana na Zuhura hapa Ruiru, kwenye kliniki ya watoto, kila mmoja na mtoto mapajani. Tulishikana tukacheka kwa sauti mpaka nesi akatukemea. Nilipouliza habari za mama yake aliniambia alifariki miaka miwili iliyopita. Nilimkaribisha nyumbani Jumapili, nikasema nitapika kuku. Akasema kwa aibu kwamba angependa afadhali maharagwe.

Nilimuuliza kwa nini, ingawa nilikwisha kujua.

"Mathe aliacha kula kwenu juu ya ile kuku," alisema. "Alikutana na Mzee Idi, akamshukuru. Mzee akamwambia hiyo siku hakuchinja kuku ya mtu yeyote. Mathe akakumbuka vile nyama ilikuwa nyeusi. Akajua mama yako alitulisha kibudu."

Kibudu ni mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Nilimuuliza kwa nini mama yake hakusema lolote. Zuhura alisema aliona haya kumgombeza mwanamke aliyetoka hospitali. Alitubu kwa Mungu wake, akafunga mdomo, na akamkataza Zuhura kulisema neno hilo ploti nzima, nyumba yetu isije ikaaibika.

Nilimweleza Zuhura yote palepale, kwenye benchi la kliniki, mkoba na zipu na wembe. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama mama yangu anajua, na niliposema hapana, alimvisha mtoto wake soksi na kuniambia nisimpigie simu mpaka nimwambie Mama.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kiganjo. Mama alikuwa barazani akichambua mboga za managu, sufuria miguuni. Niliongea bila kumtazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, nadhani hata nilikuwa naitamani. Nilipomaliza aliniomba nirudie pale kwa Mzee Idi, nikarudia.

"Kwa hivyo hakuwa ananiona mchafu," alisema.

"Hapana, Mama."

Aliendelea kuchambua, jani baada ya jani, akitupa majani yasiyo na kosa pamoja na mabaya. Utotoni niliogopa kitu kimoja tu, kushikwa, na kwa kuwa sikushikwa niliamini hakuna aliyelipa. Kumbe kila asubuhi wanawake wawili waliopendana walipitana mferejini, mmoja akidhani anadharauliwa, mwingine akidhani alidanganywa na rafiki, na mimi nikiwa katikati yao na ndoo yangu, nikisubiri maji.

"Na amekufa akidhani ni mimi nilimdanganya," Mama alisema.

Nilivuta kigoda, nikakaa kando yake, na tukachambua managu mpaka yakaisha.