Nyumba Isiyowashwa Moto

Mdogo wangu alikuwa akizima moto. Kila nilipoinjika maharagi, hapa Lushebere, kambi ya tuliokimbia vita, alikuja na maji akayamwaga juu ya kuni, mchana kweupe, bila kusema neno. Kisha alisimama akitazama mlima wa ng'ambo mpaka moshi ukatike. Majirani walianza kuwaingiza watoto ndani alipopita. Mimi ndiye mkubwa; niliacha shule tulipowapoteza wazazi, na tangu hapo kila neno la nyumba yetu huamuliwa na mimi. Sasa neno lilikuwa hili: msichana huyu atibiwe wapi, kabla hajaumiza mtu au watu hawajamuumiza yeye.

Baba mdogo, anayeishi Walikale, alipiga simu akataka tumpeleke kule msituni. Wazazi wetu hawakuliliwa inavyopasa, alisema, na wao ndio wanaomsumbua. Aogeshwe kwa majani, mambo yaishe. Kituo cha afya walinipa tembe za kumsaidia kulala, wakanitaka pia nimlete kwa mama mmoja ambaye kazi yake ni kuongea na watu wa namna hiyo. Niliona kuongea si dawa, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe haongei. Basi mama wa chumba cha maombi, jirani yetu na mtu mwema, aliposema watafunga kula na kuomba pamoja naye, nilikubali. Sharti lake lilikuwa moja: tembe zibaki nyumbani.

Walimfunga mguu kwa kitambaa kwenye nguzo ya chumba kile ili asikimbie. Nami niliingia kufunga pamoja nao. Baada ya siku chache nikaona jambo la ajabu: ametulia. Alilala. Alimsuka nywele mwanamke aliyekaa karibu naye. Mama wa maombi alilia kwa furaha, akawaita wote waliokuwa wakitucheka.

"Muangalie, iko muzima," aliwaambia. "Ile pepo ilikimbia mpaka ikasahau viatu."

Walicheka. Mimi utulivu ule ulinitia baridi, na sikujua kwa nini.

Mfungo ulipokwisha, akina mama waliwasha moto uani wapike bugali na sombe, majani ya mihogo. Moshi ulipoingia mlangoni, mdogo wangu alikata kitambaa kwa meno, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka. Hakuwa na maji mkononi, basi akaipindua juu ya moto. Mwanamke aliyekuwa akikoroga aliungua mkono.

Watu walishika fimbo. Mama wa maombi aliomba kamba. Pepo amerudi na wenzake, alisema, na safari hii msichana hatafunguliwa. Nilikuwa nimemkumbatia mdogo wangu, moyo wake ukinipiga kifuani, ndipo nikaelewa. Watu wanaofunga hawapiki. Siku zote zile hakukuwa na moto pale. Hakuwa amepona, alikuwa tu mahali pasipo na moshi. Na moshi ndio uliowaonyesha wauaji wa wazazi wetu mahali tulipojificha kwenye mahindi, juu ya kijiji cha Burungu. Mama yetu aliwasha moto ampikie mdogo wangu uji, kwa sababu mtoto alikuwa analia njaa.

Nilimtoa katikati ya fimbo zile nikampeleka kituo cha afya. Yule mama wa kuongea na watu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hii ya moto, ulishaiambia muntu?" aliniuliza.

Sikuwa nimemwambia yeyote. Akasema pepo si kazi yake, lakini moto wataujaribu. Tembe zirudi, apate usingizi. Nasi tukae naye mbele ya makala machache ya moto, kwanza kwa mbali, kisha karibu kadiri atakavyotaka mwenyewe, mpaka siku atakayoweza kusema moshi ule ulikuwa wa nani. Haitakuwa haraka, alisema, na kuna wakati itarudi nyuma.

Imerudi nyuma. Baba mdogo amefika na wanaume wawili wa ukoo, akamkuta anatetemeka mbele ya makala.

"Munamuchoma roho pole pole," aliniambia. "Munipe mutoto."

"Baba mudogo, wazazi tutawalia pamoja, hata kesho. Lakini yeye anabaki kwa matibabu yake."

"Na akikufa?"

"Nitakuwa niko naye."

Alitoka na wenzake. Wameomba pa kulala kwa yule mwanamke aliyeungua mkono, na kutwa wanaketi mlangoni pake wakitazama upande wetu, na machela ya kubebea mgonjwa wameiegemeza ukutani. Wanangoja niende shambani. Mihogo yetu inaoza ardhini, na siendi.