Neno Nililoandika Mahali pa Tani

Wanawake wanaoponda mawe kando ya barabara ya Kakontwe hawanisalimii. Nikipita, mmoja hupaza sauti, "Néant anapita!" na nyundo zote hunyamaza mpaka nitakapopotea kwenye kona. Katika fomu za serikali, néant maana yake ni hakuna kitu. Wana haki ya kuniita hivyo. Neno hilo niliwaandikia mimi, kwa kalamu yangu, mahali palipotakiwa tani za kokoto zao, na kwa sababu yake wamepoteza kilima walikoponda mawe tangu enzi za mama zao.

Nilimaliza sekondari hapa Likasi, nikapata kazi ya kukusanya takwimu za viwanda. Makampuni makubwa yalijaza fomu yenyewe na kupiga mhuri. Wadogo tuliwafuata kwa miguu: waoka mikate, mafundi wa milango ya chuma, wachoma chokaa, waponda mawe. Fomu iliuliza mambo matatu tu: unazalisha nini, tani ngapi, watu wangapi. Fomu zilipanda Lubumbashi zikajumlishwa, zikapanda Kinshasa zikajumlishwa tena, na mwishowe zikawa sehemu ya ile namba moja inayosomwa redioni, kwamba mwaka huu nchi imezalisha zaidi au imezalisha pungufu. Siku ya kusomwa namba hiyo nilikuwa nakaa wima kwenye kiti. Nilimwambia mke wangu kwamba hata mikate ya jirani yetu imo humo ndani. Akaniuliza kama na ubichi wake wa katikati umo.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu nilitumwa kilimani kwa waponda mawe. Mara ya kwanza walinifukuza kabla sijasema jina la ofisi. Waliniona mtu wa kodi. Mara ya pili walisema mkubwa wao hayupo, naye alikuwa ameketi mbele yangu, mama mrefu aliyejifunga matambara kwenye miguu ili vipande vya mawe visimkate. Mara ya tatu nilikwenda nimeshakasirika. Viatu nilikuwa nimevisafisha, sijui kwa nini.

"Mwaka huu mmetoa tani ngapi?" nikauliza.

"Tani ni nini?" akasema yule mama, akigonga beseni lake. "Siye tuko na bassin na lundo. Weye muzee ulisomaka, ona lundo, hesabia."

Wenzake wakacheka. Basi nikasema nitapima mwenyewe. Nilitoa utepe wangu wa kupimia, nikapanda juu ya lundo lake la kokoto. Kileleni palikuwa na jiwe moja lililopakwa chokaa nyeupe. Lilinizuia kunyoosha utepe, nikaliondoa, nikalitupa chini.

Nyundo zilinyamaza.

Hapa lazima nieleze. Kila lundo pale lina mwenyewe, na jiwe jeupe ndilo alama yake. Ni mnunuzi peke yake anayeliondoa, akishapatana na mwenye lundo, na akiliondoa ni yeye anayelibeba. Kila mtu wa njia ya Kakontwe anajua hivyo. Nami nilijua. Nilikuwa nimepita pale maisha yangu yote. Lakini nilikuwa na fomu mkononi, na mtu mwenye fomu hujiona kama amefika kabla ya wenyeji.

"Umetosha jiwe, umeliondoa!" mama yule alipiga kelele. "Lundo ni yako! Beba!"

"Mama, mimi ni mtu wa takwimu."

"Mutu wa nini? Hata kama ni mutu wa askofu. Beba!"

Palikuwa na lori dogo la tani mbili likingoja mzigo huohuo, na dereva, badala ya kunitetea, alifungua mlango wa nyuma. Waliniwekea beseni kichwani. Nilibeba. Kila nikirudi walinipigia vigelegele kama bibi harusi, wakiniita Leta, yaani serikali. "Papa Leta, polepole, usimwage uchumi wa nchi!" Kwa mazoea ya kazi nilikuwa nahesabu. Lundo liliishia kwenye beseni la hamsini na tatu, na lori likajaa sawasawa. Utepe wangu ulibaki mikononi mwa yule mama, na sikuthubutu kuudai.

Sasa kosa lenyewe. Nilipofika nyumbani nilikuwa na kila kitu nilichotumwa kutafuta. Mabeseni hamsini na matatu ni tani mbili. Nilikuwa nimeyabeba moja baada ya moja. Malundo yaliyobaki nilikuwa nimeyaona, na watu nilikuwa nimewaona, maana wote walikuwa wananicheka. Ilikuwa hesabu ya dakika kumi. Shingo iliniuma. Nilichukua fomu, kwenye bidhaa nikaandika néant, kwenye tani néant, kwenye wafanyakazi néant, nikatia sahihi. Nilisikia raha. Nilikuwa nimewafuta.

Nilistaafu. Fomu ikapanda.

Miaka michache baadaye kampuni moja iliomba kile kilima, na walioamua walitazama karatasi kuona kama pana mtu anayezalisha kitu. Karatasi ilisema hakuna. Waya za uzio zilipoletwa, wanawake walikwenda kulalamika kwenye ofisi ya komini, yaani manispaa. Mke wangu alizisikia habari kanisani, akaniletea kama habari za watu wengine. Wiki mbili nilijiambia kwamba fomu moja haiwezi kuhamisha kilima, ingawa maisha yangu yote nilikuwa nimewaambia watu kwamba kila fomu ina uzito.

Siku ya kusikilizwa nilikwenda. Ofisa aliinua fomu ile, akawauliza wanawake, "Mnasema mko pale miaka yote. Mbona serikali ilikuja, ikakuta patupu?"

Nilisimama mwenyewe. Nilisema sahihi ile ni yangu, kwamba niliwakuta, kwamba niliandika uongo kwa hasira.

Ofisa alinitazama kama mtu aliyemwaga chai mezani kwake. "Muzee, nimwamini nani? Yule aliyetia sahihi akiwa kazini, ama huyu wa leo ambaye hayuko tena kazini? Na hesabu za ule mwaka zilishafungwa. Hazifunguliwi."

Yule mama mrefu hakupiga kelele safari hii. Alinisogelea hadi nikasikia harufu ya vumbi la mawe kwenye kitenge chake. "Ungetuandikia hata bassin moya," alisema. "Moya tu."

Kilima kilikwenda. Walihamia ng'ambo ya barabara, kwenye ukanda mwembamba wa mawe ambao kampuni haikuutaka. Haikuutaka bado.

Mwaka huu alikuja mkusanyaji mpya, binti mwenye simu badala ya fomu. Nilimwona akifukuzwa mara moja, kisha mara ya pili. Nikajua atakavyoandika. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwao mwenyewe.

"Mwambieni yule binti mnachozalisha," nikasema. "Akiandika kama nilivyoandika mimi, na hapa mtaondolewa."

"Toka!" mmoja akanirushia gamba la jiwe, likanigonga kifundo cha mguu. "Néant inatufundisha kazi!"

Lakini yule binti alikuwa amefika nyuma yangu, akauliza kwa upole tani ngapi. Mama mrefu alinitazama kwanza mimi, akamtazama yeye. Alinyanyuka, akaenda kwenye mfuko wake, akatoa utepe. Niliutambua kwa mkanda wa ngozi niliokuwa nimeushona mimi.

"Wewe simama kule barabarani," akaniambia. "Usikanyage hapa."

Nilivuka lami, nikasimama ukingo wa pili. Alimpa binti utepe, akamwonyesha jinsi ya kuuzungusha kwenye kitako cha lundo, bila kufika kwenye jiwe jeupe. Kisha akanigeukia, sauti juu, wote wasikie.

"Weye muzee! Ile siku ulibeba bassin ngapi?"

"Hamsini na tatu."

"Na camion ilikuwa ya tani ngapi?"

"Mbili."

"Kumbe ulijua. Na uliandika nini?"

Lori la mawe lilipita kati yetu, nikangoja lipite. Yeye pia alingoja, mkono kiunoni.

"Néant," nikasema.

"Umesikia?" alimwambia yule binti. "Sasa andika."