Chupa ya Bi Mwanaisha

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule moja kisiwani Pate, na wiki jana nilijiaibisha mbele ya wazazi wote.

Tuliwaita mkutanoni ukumbini, tukawagawia maji ya chupa, kisha nikasimama kutangaza kwamba darasa la mwisho litasoma hata Jumamosi. Mstari wa mbele alikaa Bi Mwanaisha, bibi anayeheshimiwa kijiji kizima. Alikuwa amemaliza maji yake. Nilipotaja Jumamosi tu, akaiminya ile chupa kwa mikono miwili, kraa! Uso wake haukuwa na tabasamu. Nikajua nimemuudhi.

“Asubuhi tu,” nikaongeza haraka.

Kraa!

“Kwa muda wa saa mbili tu, wazazi wangu.”

Akaiweka chupa chini, akaikanyaga mpaka ikawa bapa. Mimi mgeni wa miezi miwili kutoka bara, nigombane na Bi Mwanaisha? Nikatangaza kwamba masomo ya Jumamosi nimeyafuta. Wazazi wakatazamana.

Nikamwendea pale pale, nikainama. “Bi Mwanaisha, niwie radhi kwa kukukasirisha.”

“Kunikasirisha na nini, mwalimu?”

“Nimeona ulivyoiponda chupa.”

“Hii? Nikiitupa nzima ndiani wapitapo watu, wengine wataiokota, watie maji ya kisima, watuuzie tena.” Akanitazama kwa huruma. “Lakini Jumamosi mbona umeifuta? Mjukuu wangu ana mtihani. Sisi twaitaka!”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa bado nimeinama, sijui niinuke vipi.