Mafuta ya Kondoo Ndani ya Maharagi

Nilipokuwa mtoto kule Burungu, hakuna aliyejua kujikuna kunishinda mimi. Nilijikuna kwa kucha, kwa gunzi la mahindi, kwa ukuta wa shule, huku hesabu naandika. Anayebisha aende akauangalie ule ukuta.

Upele ulinianzia katikati ya vidole, muda kidogo baada ya kula kondoo. Ilikuwa mushikaki mmoja tu, soko la Kitchanga, na hata leo nikiukumbuka mate yananijaa. Kwetu kondoo ni mwiko wa ukoo. Koko, mama wa baba yangu, hakukosa kanisani hata Jumapili moja, lakini kwa jambo hilo hakucheka na mtu: anayemla kondoo, ngozi itamdai. Ikanidai kweli. Nikaungama yote.

Mwalimu akanitoa darasani, nisirudi mpaka nipone, na mtihani wa mwisho wa primeri ulikuwa umebakiza mwezi. Baba akanipeleka kwa munganga wa hospitali. Huyo akatupa dawa nyeupe kama maziwa, akasema nyumba nzima tujipake siku moja, kutoka shingoni mpaka nyayoni, nguo na blanketi zichemshwe, kisha turudilie juma linalofuata.

Koko akakataa. "Mimi sikukula kondoo. Nipakwe dawa ya zambi ya mwingine?"

Baba akamwambia polepole, "Lakini mama, hata wewe unajikuna."

"Hivi ni viroboto."

Basi nikapakwa peke yangu. Nikalala na wadogo zangu watatu chini ya blanketi moja, upele ukarudi. Nikapakwa tena, ukarudi tena. Koko akasema kondoo yule alikuwa mukubwa.

Yalipobaki majuma mawili, njo akili yangu ikaamka, ile ambayo hakuna shule iliyonipa. Nikangoja wote wako wanakula, nikasema: "Koko, siku ile nilileta mafuta ya kondoo hapa. Nilitia mu chungu ya maharagi. Tulikula wote."

Uongo mtupu. Mama akaacha kutafuna. Koko akaangalia mikono yake, katikati ya vidole, muda mrefu. Akainuka, akanichapa fimbo ambazo sikuhesabu, kisha akasema, "Leteni ile chupa. Wote. Hata mutoto wa mugongoni, yake muchanganye na maji vile munganga alisema."

Siku hiyo mungeiona! Moto uwanjani, blanketi zinachemka ndani ya pipa, Koko anazigeuza kwa mti kama komanda, sisi tumepangwa mstari tunang'aa. Akakumbuka jirani, Mama Riziki, naye alikula maharagi kwetu na watoto wake. Akaitwa. "Na wewe ulikula kwangu. Vua." Naye akataja wengine waliokula, mpaka jioni nyumba nne zilikuwa zimepakwa, na juma lililofuata tukarudilia. Upele ukaisha. Mtihani nilifanya, nikafaulu, pointi musiniulize.

Leo watoto wangu wakianza kujikuna siulizi nani alikula nini. Nachemsha blanketi zote siku moja, naita na jirani. Mimi hujisifu sana kwamba niliponya nyumba nne nikiwa na kaptula iliyotoboka. Lakini Koko alikufa akiamini alikula mwiko. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia ukweli, sikumwambia. Tangu siku ile, kanisani alikuwa anabaki magotini wenzake wakiisha kutoka, anaomba musamaha wa nyama ambayo hakuionja.