Uwanja Aliouachilia Nyanya

Juzi nilienda Kariobangi kutafuta fundi wa kunichomea geti, nikapita nyuma ya ploti tuliyolelewa. Palipokuwa uwanja wetu pana ghorofa saba. Watoto wanachezea ngazini na mlinzi anawafukuza. Nilitukana pale, ndugu yangu, kwa sauti, hadi muuza soseji za smokie akageuka kunitazama. Utasema hasira zangu ni za zamani. Ndiyo, na hazijaisha.

Uwanja ule nyanya aliufagia kila alfajiri kabla ya kwenda Ngara, alikompikia bibi mzee wa Kihindi tuliyemwita Ba, kama wajukuu wake walivyomwita. Mimi nilinyunyiza maji vumbi lisipande, kisha nikaokota vipande vya chupa. Nyundo za mafundi wa jua kali zikianza kugonga, nasi tulianza michezo yetu ya bano na kati hadi tuitwe kula. Jioni nyanya alirudi na halua ya Ba kwenye karatasi iliyolowa samli, inanukia iliki. Sijala tena kitu kitamu namna ile.

Halua ilikuja na mafundisho. Ba alimwambia: fanya kazi yako vizuri, matunda yake usiyashike. Nyanya, mtu wa kanisa asiyekosa Jumapili, aliyapenda maneno hayo kuliko mahubiri. Majirani wakimtania, "Mama, kwani umekuwa Mhindi?" aliwajibu kwamba kazi haina dini. Ukimshukuru kwa kufagia alinuna. Shukrani nazo, alisema, ni tunda.

Nikiwa darasa la sita, Jumamosi moja, wanaume walileta nguzo na mabati ya kuuzungushia uwanja. Hawakuwa na barua wala kibali tulichoonyeshwa. Majirani walijaa mlangoni petu.

"Mama, ni wewe umechunga hii field miaka yote," fundi wa viatu alimwambia. "Wewe ukisimama, sisi wote tuko nyuma yako."

Nyanya aliendelea kuchagua maharagwe. "Mimi nilifagia tu. Si yangu. Nimeshaachilia."

Nilimchukia siku hiyo, nasema wazi. Nililia hadi nikatapika.

Jumatatu, shule zikiwa zimefungwa, alinichukua tukaenda Ngara. Alimsimulia Ba yote, akijivuna kidogo, akitarajia sifa. Ba aliweka kikombe chini kwa nguvu, chai ikamwagika.

"Mimi nilisema wacha matunda. Nani alisema wacha kazi? Kuchunga pia ni kazi! Wewe naogopa, halafu naita dini?"

Akatueleza habari za askari wa kale aliyetaka kutupa upinde katikati ya vita na kwenda kuishi kama mtawa, na Mungu mwenyewe akamkatalia: pigana, ila usipiganie faida yako. Nyanya alisikiliza kichwa chini. Kisha akavua aproni, akaniambia twende.

Tulifika saa nane mchana. Mabati yalikuwa yameshazunguka uwanja wote. Nyanya aliyapiga kwa viganja na kuwaita majirani kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Fundi wa viatu alishona bila kuinua macho. Madirisha yalifungwa, nikayasikia. Kijana mmoja aliyekuwa akichimba msingi akacheka, "Mathe, si ulisema si yako?" Nani alimwambia? Mpaka leo ningependa kujua.

Aliita hadi sauti ikamkauka. Tangu hapo hakuna aliyefagia chochote pale, ila kila mtu mbele ya mlango wake mwenyewe.

Tulipomzika, majirani walewale walishika maikrofoni kumsifu. Mama yule hakudai kitu, walisema. Hakujitakia kitu, yote alimwachia Mungu. Mama yangu alinibana mkono nisisimame, nikanyamaza kwa heshima yake. Sasa nasema. Alidai. Alidai uwanja wa watoto wenu, akiwa amechelewa siku mbili, na aliwaita kwa majina.